Apa Pant: Mjumbe wa Taifa Jipya katika Afrika Mashariki



Ni desturi ya vitabu vya maadhimisho kama hiki kuwakumbuka waliojenga: waliotoa kiwanja, waliochanga fedha, mafundi waliochonga mawe, na akina mama waliopika vyakula vya sherehe tangu siku ya kwanza. Mwaka huu tumeona vema tuongeze katika kumbukumbu hizo maisha ya mtu ambaye hakuja katika nchi hizi kwa biashara wala kwa ujenzi, bali kwa ujumbe. Jina lake ni Apa Pant. Aliishi Nairobi kwa muda wa miaka sita hivi, kuanzia 1948 hadi 1954, akiwa mwakilishi wa kwanza wa India huru katika Afrika Mashariki. Baadaye alikuwa balozi katika nchi nyingi na kubwa. Hata hivyo, sisi tunaamini kwamba kazi yake ngumu kuliko zote aliifanya hapa, kabla hajaitwa balozi, na kwamba swali alilowauliza wazee wetu bado lingali mbele yetu.

Asili yake

Apa Pant alizaliwa tarehe 11 Septemba 1912 katika Aundh, dola ndogo ya kifalme ya upande wa Satara, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Maharashtra. Jina lake rasmi lilikuwa Parashuram. Apa ni jina la heshima na mapenzi katika lugha ya Kimarathi, nalo ndilo alilojulikana nalo maisha yake yote. Ukoo wake ulibeba cheo cha Pant Pratinidhi, kilichotokana na enzi za wafalme wa Maratha. Neno pratinidhi, katika Kisanskriti, maana yake ni yule asimamaye mahali pa mwingine na kusema kwa niaba yake, yaani mwakilishi. Kwa hiyo kijana huyu alizaliwa na kazi yake ikiwa tayari imo katika jina la ukoo.

Baba yake, Raja Bhawanrao, hakuwa mtawala wa kawaida. Alikuwa mchoraji, akajenga jumba la makumbusho katika mji wake, na akasaidia kazi kubwa ya wanazuoni wa Poona ya kuandaa toleo la kitaalamu la Mahabharata. Alifanya mazoezi ya Surya Namaskar, yaani salamu kwa jua, kila siku, akayaingiza katika shule za dola yake na kuyaandikia kitabu. Wengi wetu tunaowapeleka watoto kwenye mafunzo ya yoga hatujui kwamba kuenea kwa mazoezi hayo katika karne ya 20 kunadaiwa kwa sehemu kubwa na mfalme huyu wa Aundh. Mnamo 1910 alimpokea pia fundi Laxmanrao Kirloskar, akampa mahali pa kujenga kiwanda cha plau za chuma. Kiwanda hicho kilizaa mji wa Kirloskarwadi, na jina ambalo wakulima wengi wenye pampu na injini wanalifahamu hadi leo.

Apa alisoma Bombay, kisha Oxford, na akahitimu uanasheria London. Aliporudi nyumbani mwaka 1937, alikuta India yote ikichemka kwa kudai uhuru. Mwaka uliofuata baba yake alifanya jambo ambalo wafalme wachache wamelifanya kwa hiari: aliamua kuwakabidhi raia madaraka yake. Katika kuandaa katiba, Apa alifanya kazi pamoja na Maurice Frydman, mhandisi mzaliwa wa Poland aliyekuwa amehamia India, nao wakaenda kuomba ushauri kwa Mahatma Gandhi. Gandhi alitaka mamlaka yaanzie vijijini, mfalme aishi maisha ya kiasi, na kujua kusoma na kuandika kuwe sharti la kupiga kura, ili serikali ilazimike kuwafundisha watu wake. Katiba hiyo ilitangazwa Januari 1939. Vijiji vipatavyo 72 vya Aundh vikapata mabaraza yake, yaani panchayat, yaliyosimamia shule, barabara na mashauri madogo. Kulianzishwa hata makazi ya wafungwa yasiyokuwa na kuta, ambako wahalifu walilima na kuishi kwa kuaminiwa.

Apa alikuwa waziri katika serikali hiyo, na tangu 1944 akawa Waziri Mkuu wake. Mwaka 1948 Aundh, kama dola nyingine nyingi za kifalme, iliunganishwa na India huru, na jaribio lile likafikia kikomo. Lakini miaka ile ilimfundisha jambo alilokuja nalo Afrika: kwamba mtawala anaweza kuachia madaraka bila kupoteza heshima, na kwamba mwanakijiji asiye na viatu anaweza kujitawala akipewa nafasi.

Kamishna wa Nairobi

India ilipata uhuru tarehe 15 Agosti 1947. Tarehe 30 Januari 1948 Gandhi aliuawa. Katika mwaka huo wa msiba, sehemu ya majivu yake ililetwa Uganda na kutiwa katika maji ya Nile karibu na Jinja, mahali ambapo mto huo unatoka ziwani. Ni katika mwaka huohuo pia Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru alimteua Apa Pant, ambaye hakuwa ametimiza miaka 36, kuwa mwakilishi wa India katika Afrika Mashariki.

Cheo chake kilikuwa Kamishna. Tunapenda kueleza sababu, kwa kuwa vijana hutuuliza. Balozi hutumwa na dola huru kwa dola huru. Hupeleka hati za utambulisho kwa mkuu wa nchi, naye hupokewa kama sauti ya taifa lake. Kati ya nchi za Jumuiya ya Madola mtu huyo huitwa Kamishna Mkuu. Lakini Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar hazikuwa huru; zilikuwa chini ya Uingereza. Basi aliyetumwa huku alikuwa Kamishna tu, na mwenyeji wake rasmi alikuwa gavana wa kikoloni. Eneo la kazi yake lilikuwa kubwa ajabu, kwani lilivuka nchi hizo nne na kugusa nchi za Afrika ya Kati na hata Kongo na Ruanda-Urundi zilizokuwa chini ya Ubelgiji.

Alifika Nairobi pamoja na mkewe Nalini, aliyekuwa daktari wa upasuaji. Walikuta mji uliopangwa kwa rangi. Mzungu alikuwa juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Hospitali, shule, mitaa ya kuishi na mabehewa ya gari moshi vilifuata ngazi hizo. Ardhi nzuri ya Nyanda za Juu ilitengewa walowezi wa Kizungu. Mhindi hakuruhusiwa kuimiliki, na Mwafrika aliingia humo kama kibarua. Wahindi wa Kenya hawakufika laki moja, kati ya watu zaidi ya milioni tano. Walikuwa wenye maduka, mafundi, makarani wa reli, walimu na wanasheria. Baadhi yao walikuwa wazao wa wale walioletwa kujenga reli kati ya 1896 na 1901. Wengi zaidi walitoka Gujarat, Kutch na Punjab kwa jahazi na meli kutafuta riziki.

Mwakilishi wa India angeweza kuridhika na kazi iliyokuwa mezani: kutia mihuri kwenye pasipoti, kuhudhuria sherehe za Diwali, kuandika barua za kuwatetea wafanyabiashara wanaoonewa. Kazi hizo Apa Pant alizifanya. Lakini maagizo ya Nehru yalikuwa mapana kuliko hayo. Serikali mpya ya India ilishikilia kwamba Wahindi waliohamia Afrika wasidai upendeleo wowote unaowaumiza Waafrika. Kwamba Afrika ni ya Waafrika kwanza. Na kwamba Mhindi atakayetaka kubaki hana budi kuifanya nchi hiyo kuwa yake kwa mapenzi na kwa kazi. Kwa wakati ule, maneno hayo yalikuwa mazito sana kutoka kinywani mwa serikali.

Kamishna aliyatekeleza kwanza nyumbani kwake. Katika mji ambao watu wa rangi tofauti hawakuketi meza moja, nyumba yake ilikuwa wazi kwa wote. Waafrika walikuja, wakala, wakazungumza mpaka usiku. Alijenga urafiki na Jomo Kenyatta, na Mzee Koinange na mwanawe Peter Mbiyu Koinange, na viongozi wengine wa chama cha KAU. Alisafiri vijijini, akasikiliza habari za ardhi, kipande na kodi. Serikali ya India ilitoa nafasi za masomo kwa vijana wa Kiafrika katika vyuo vikuu vyake, na ofisi ya Nairobi ikawa mlango wao wa kupitia. Katika siku ambazo elimu ya juu kwa Mwafrika ilikuwa karibu Makerere peke yake, mlango huo haukuwa mdogo.

Wazee wetu walimpokeaje?

Hapa inatupasa tuseme kweli, kwa maana sifa isiyo na kweli si heshima kwa marehemu. Si Wahindi wote waliofurahia mwenendo wa Kamishna. Wako waliomfuata kwa moyo wote. Wako waliotangulia mbele yake, kama Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi, ambaye Aprili 1950 alisimama katika ukumbi wa Kaloleni na kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, na mwezi uliofuata akakamatwa, asipate kuachiwa hadi 1961. Lakini wako pia walionung'unika kwamba Kamishna alitumwa kuwalinda wao, naye anawaletea matatizo.

Hofu yao haikuwa ya kubuni. Mwenye duka katika kijiji cha mbali aliishi kwa leseni, na leseni ilikuwa mkononi mwa Bwana Shauri. Mkopo wa benki, kibali cha kuagiza bidhaa, kiwanja cha shule ya watoto, ruhusa ya kujenga hata mandir, vyote vilipita kwa serikali. Aliye katikati ya ngazi huogopa kuanguka kuliko anavyotamani kuivunja ngazi yenyewe. Zaidi ya hayo, jamii ilikuwa na majeraha yake. Kugawanywa kwa India na Pakistan mwaka 1947 kulileta uhasama kati ya majirani waliokuwa wakinunuliana chumvi na sukari, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 viti vya Wahindi katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya viligawanywa kati ya Waislamu na wasio Waislamu.

Waswahili wana msemo kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kipimo hicho Wahindi wa Afrika Mashariki walikuwa wameshika jembe zamani. Walichokosa ni kujiona wana shamba moja na mwenyeji. Hilo ndilo alilolisisitiza Apa Pant, kwa upole lakini bila kuchoka. Aliona kwamba utawala wa kikoloni utaondoka, kama ulivyoondoka India, na kwamba siku hiyo Mhindi ataulizwa alisimama wapi wakati wa shida.

Chuo cha Gandhi

Tunda linaloonekana kwa macho la miaka ile lipo katikati ya Nairobi. Baada ya kifo cha Gandhi, Wahindi wa Afrika Mashariki walitaka kumjengea kumbukumbu. Wangeweza kujenga mnara, au ukumbi wa jamii yao wenyewe. Badala yake likakubalika wazo la chuo cha elimu ya juu kitakachofunguliwa kwa wanafunzi wa rangi zote, na Apa Pant alikuwa miongoni mwa waliolisukuma wazo hilo mbele. Wafanyabiashara wakubwa na wadogo wakachanga fedha. Serikali nayo ilikuwa na mpango wake wa kujenga chuo cha ufundi, na baada ya mazungumzo marefu mipango hiyo miwili ikaunganishwa kuwa Royal Technical College.

Julai 1956 sanamu ya Gandhi ilizinduliwa katika chuo hicho na Sarvepalli Radhakrishnan, Makamu wa Rais wa India, ambaye naye alikuwa amewahi kuwa balozi wa nchi yake huko Moscow. Chuo kilifunguliwa rasmi mwaka huohuo, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Fikirini maana yake: katika nchi ambayo watoto walitengwa tangu darasa la kwanza, palipatikana mahali ambapo Mwafrika, Mhindi na Mzungu walifanya mtihani mmoja katika chumba kimoja. Apa Pant alikuwa ameshaondoka wakati huo, hakuwapo kukata utepe. Lakini wazo lilikuwa limekwisha kusimama kwa miguu yake.

Hali ya hatari na kuondolewa

Tarehe 20 Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa nchini Kenya, na usiku huo Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Yeye na Achieng Oneko, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Fred Kubai na Kungu Karumba walipelekwa Kapenguria, mbali na mji, kushtakiwa kuongoza Mau Mau. Nehru alimtuma mwanasheria Diwan Chaman Lall, mbunge na rafiki yake, ajiunge na jopo la utetezi lililoongozwa na D. N. Pritt. Miongoni mwa mawakili wa Nairobi waliosimama katika jopo hilo walikuwamo Achhroo Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza. Hukumu ilitolewa tarehe 8 Aprili 1953: kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Mwaka huohuo Joseph Murumbi, aliyeshika ukatibu wa KAU baada ya wenzake kukamatwa, alikwenda India kueleza kilio cha Kenya. Baadaye, Kenya ikiwa huru, alikuwa Makamu wa Rais.

Walowezi na serikali ya kikoloni walimtazama Kamishna wa India kwa macho makali. Walimshutumu kwamba anaingilia siasa za nchi, kwamba anawapa moyo wapinzani, na kwamba nyumba yake ni maskani ya wachochezi. Malalamiko yakapelekwa London, na kutoka London yakafika Delhi. Mwanzoni mwa 1954 Apa Pant aliondoka Nairobi. Mwaka huohuo serikali yake ilimtunuku nishani ya Padma Shri, katika mwaka wa kwanza wa kutolewa kwa nishani hizo.

Je, waliomlalamikia walikuwa na hoja? Tunaona haki kuipima. Kanuni ya kazi ya ubalozi inamkataza mjumbe kuingilia mambo ya ndani ya mwenyeji wake, na kanuni hiyo ni nzuri. Bila hiyo, mataifa madogo yangechezewa na makubwa. Lakini kanuni inauliza pia swali: mwenyeji ni nani? Katika nchi huru mwenyeji ni serikali iliyochaguliwa na wananchi wake. Katika Kenya ya 1952 gavana hakuchaguliwa na yeyote kati ya watu milioni tano aliowatawala. Apa Pant aliwahesabu watu hao kuwa ndio wenyeji wake wa kweli. Hakuwapa silaha, aliwapa chai, sikio, na njia ya kwenda kusoma. Kama hilo ni kosa katika kanuni za ubalozi, basi kanuni hizo zilikuwa zimeandikwa kwa ajili ya wenye nguvu tu.

Kutoka Himalaya hadi Roma

Yeyote aliyedhani kwamba kuondolewa Nairobi ndio mwisho wa Apa Pant alikosea. Alitumika kwanza katika Wizara ya Mambo ya Nje mjini Delhi, wakati wa matayarisho ya mkutano wa nchi za Asia na Afrika uliofanyika Bandung Aprili 1955. Kisha, kuanzia 1955 hadi 1961, alikuwa mwakilishi wa India katika Sikkim na Bhutan, akisimamia pia ofisi za India zilizokuwa Tibet. Alikaa Gangtok, katika milima ya Himalaya, mahali ambapo njia za biashara kati ya India na Tibet zilikuwa zikipita. Ni katika miaka hiyo Dalai Lama alipita Gangtok akienda India kuadhimisha mwaka wa 2,500 wa Buddha, na ni katika miaka hiyo, Machi 1959, aliikimbia Lhasa na kuingia India kama mkimbizi. Kwa mara nyingine Apa Pant alijikuta karibu na watu wanaotawaliwa bila ridhaa yao, na kwa mara nyingine nchi yake ilibidi ipime kati ya huruma na tahadhari.

Oktoba 1961 hatimaye alipata cheo chenyewe: aliteuliwa kuwa Balozi wa India nchini Indonesia. Cheo kikubwa hakikumpa raha. Mwaka 1962 Michezo ya Asia ilifanyika Jakarta, na Indonesia ikawazuia wanamichezo wa Israel na wa Taiwan wasishiriki. Kiongozi mmoja wa michezo kutoka India alipopinga, ghadhabu ya umati iliwageukia Wahindi, na mwezi Septemba ubalozi wa India ukavamiwa. Timu ya India ya kandanda ilicheza fainali mbele ya watazamaji waliowazomea, ikaishinda Korea Kusini mabao 2 kwa 1 na kuchukua dhahabu. Balozi alibaki kazini hadi 1964, akitunza uhusiano wa nchi mbili zilizokuwa zimeongozana pamoja Bandung miaka saba tu kabla ya tukio hilo.

Kutoka huko alikwenda Norway, na mwaka 1966 akawa balozi Misri, kwa Rais Gamal Abdel Nasser. Juni 1967 vita vya siku sita vilizuka. Mfereji wa Suez ukafungwa, na haukufunguliwa tena hadi 1975. Hata wazee wetu wa pwani waliuhisi mkono wa vita hivyo, maana meli zilizokuwa zikipita Mombasa kwa njia ya mfereji zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Mwaka 1969 alihamishiwa London kuwa Kamishna Mkuu. Huko alikuwapo wakati wa vita vya 1971 vilivyozaa taifa la Bangladesh, na wakati Sheikh Mujibur Rahman, aliyeachiwa kutoka gereza la Pakistan, alipotua London Januari 1972 kabla ya kurudi kwa watu wake. Lakini kwetu sisi jambo jingine la miaka ile ya London lina uzito zaidi. Tangu sheria ya Uingereza ya 1968, Wahindi wengi wa Afrika Mashariki wenye pasipoti za Kiingereza walizuiwa kuingia nchi iliyowapa pasipoti hizo, wakawa wanangoja vocha kwa miaka. Kisha Agosti 1972 utawala wa Idi Amin uliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Zaidi ya 27,000 walipokewa Uingereza. Wengine walikwenda India, Kanada na kwingineko. Hivyo mtu aliyewahi kuwasihi wazee wetu wajihesabu kuwa wana wa Afrika alikuwa London mwaka ambao maelfu yao walishuka katika viwanja vya ndege vya Uingereza wakiwa na sanduku moja moja.

Tunataka tueleweke vizuri. Hatusemi kwamba waliofukuzwa walistahili kufukuzwa. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Kampala, Jinja na Mbale, walikuwa wamejenga shule na hospitali, na hawakujua nchi nyingine. Dhuluma ni dhuluma, na hakuna mwenendo wa jirani unaohalalisha kumnyang'anya nyumba yake. Tunachosema ni kwamba Apa Pant aliiona mapema hatari iliyomo katika kuishi pamoja bila kujuana. Mtu asiyemfahamu jirani yake hawezi kumtetea siku ya msiba, na jirani naye hana sababu ya kumtetea yeye.

Kituo chake cha mwisho kilikuwa Roma, ambako alikuwa balozi hadi alipostaafu mwaka 1975. Alirudi India akaandika vitabu kadhaa, kati yake A Moment in Time, kilichotoka 1974, kuhusu maisha na safari zake, na An Unusual Raja, kilichotoka 1989, kuhusu baba yake, Gandhi na jaribio la Aundh. Aliandika pia juu ya Surya Namaskar, mazoezi aliyoyarithi kwa baba yake na kuyaendeleza katika kila mji aliotumwa. Alifariki mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 80.

Deni aliloliacha

Katika safu ya vyeo vyake, Nairobi huonekana kama ngazi ya chini kabisa: kamishna kijana, katika makoloni, asiye na mfalme wala rais wa kumpokea. Ndiyo maana tumesema mwanzoni kwamba hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Katika miji mingine alikuwa na kinga ya dola yake na adabu za kibalozi. Hapa alikuwa na watu wake mwenyewe waliomwogopea au kumwogopa, na serikali iliyomtaka aondoke.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Wale waliokuwa wageni wa meza yake, na waliokuwa wakiitwa wachochezi, wakawa mawaziri na wakuu wa nchi. Historia ilimpa haki bila yeye kuidai.

Kwetu sisi tunaokusanyika katika maadhimisho haya, heshima inayomfaa si sanamu nyingine. Hekalu letu limezungukwa na majirani wa kila kabila na kila dini. Wako wanaotusikia tukipiga kengele kila asubuhi na hawajawahi kuvuka kizingiti; na wako miongoni mwetu waliofanya biashara nao miaka 40 bila kuijua milango ya nyumba zao. Apa Pant hakuwataka wazee wetu waiache mila yao ili wawe Waafrika. Yeye mwenyewe hakuiacha. Alitaka tu wapanue meza. Kijitabu hiki kimechapwa kwa Kiswahili ili majirani nao wakisome, na chakula cha siku ya maadhimisho kitapikwa cha kutosha watu wote. Karibuni nyote, na mje na jamaa zenu.